Upepo wa Shelley, Mavuno ya Keats

Jumapili ya tarehe 19 Septemba 1819, kijana wa miaka 23 alitoka matembezini katika mji wa Winchester, kusini mwa Uingereza. Akashuka kwenye malisho ya mto Itchen, akapita kando ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, akarudi chumbani kwake na kutunga shairi la mishororo 33. Kiasi cha wiki tano baadaye, mwishoni mwa Oktoba, kijana mwingine wa miaka 27 alikuwa katika msitu wa Cascine, pembeni mwa mto Arno, nje kidogo ya mji wa Florence huko Italia. Upepo wa magharibi ulikuwa ukivuma kwa nguvu, na jua lilipotua ikashuka dhoruba ya mvua ya mawe na radi. Yeye naye akatunga shairi, la mishororo 70. Wa kwanza ni John Keats na shairi lake ni “To Autumn”. Wa pili ni Percy Bysshe Shelley na lake ni “Ode to the West Wind”. Kila mmoja alitunga bila kuliona la mwenzake, na wote wawili walikuwa wakiyazungumzia majira yaleyale ya mapukutiko, majani yanapogeuka rangi na kudondoka.

Mashairi haya ni miongoni mwa kazi bora kabisa za mkondo wa kiromantiki, ulioshika kasi Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, pale washairi walipoacha kuyatumia maumbile kama pambo na kuanza kuyaona kuwa nguvu inayomlea mtu, inayomtisha na kumgeuza. Wengi huwasifu washairi hao kwa mapenzi yao kwa milima, mito na misitu. Mapenzi yalikuwapo, wala hayana ubishi, lakini mapenzi peke yake hayatungi shairi. Yeyote aliyewahi kushikwa na dhoruba njiani anajua kwamba upepo una nguvu, na anaweza kulisema hilo kwa maneno matatu. Msomaji atakubali, na hatahisi kitu. Shelley na Keats walifanya kazi ngumu zaidi. Waliziunda beti zao zitende kile ambacho maumbile hutenda, hata msomaji akasoma habari za upepo huku anasukumwa, na akasoma habari za mavuno huku analemewa. Nguvu ya maumbile katika mashairi haya imo ndani ya ufundi, na ufundi huo unaweza kutazamwa kwa karibu, kina baada ya kina.

Msomaji wa Kiswahili ana sikio la kazi hiyo. Mwaka huohuo wa 1819, Muyaka bin Haji alikuwa hai Mombasa, akitunga beti za mishororo minne zenye vina vya kati na vya mwisho. Tumelelewa katika mapokeo yanayohesabu mizani kwa vidole, na tunatambua upesi mtunzi aliyebanwa na kina na yule aliyekitumikisha. Tangu Euphrase Kezilahabi atoe diwani yake ya “Kichomi” mwaka 1974, tumebishana pia kama vina na mizani ni uti wa mgongo wa ushairi au ni minyororo yake. Kwa hiyo tunaweza kuyaingia mashairi haya ya mbali kwa mlango ambao tayari tunaujua.

Tuanze na upepo. Shelley aliondoka Uingereza mwaka 1818. Italia ilimpa mwanga na bahari, na ikampokonya watoto: binti yake Clara alifariki Venice mwezi Septemba 1818, na mwanawe William akafariki Roma mwezi Juni 1819. Tarehe 16 Agosti mwaka huo, askari wapanda farasi waliuvamia umati uliokusanyika Manchester kudai haki ya kuwakilishwa bungeni. Watu kadhaa waliuawa na mamia wakajeruhiwa. Habari zilipomfikia, Shelley alitunga shairi refu kwa hasira, nalo halikuchapishwa hadi mwaka 1832, miaka kumi baada ya kifo chake. Vitabu vyake vingine vilikuwa na wasomaji wachache mno. Huyo ndiye mtu aliyekuwa Cascine jioni ile: mfiwa, mbali na kwao, mwenye maneno mengi yasiyofika popote. Na mbele yake palikuwa na upepo, ambao kazi yake yote ni kufika na kufikisha.

Umbo alilolichagua ni la Kiitalia, lile ambalo Dante alilitumia katika “Divina Commedia” na ambalo Waitalia huliita terza rima. Beti zake ni za mishororo mitatu, tathlitha kwa kusema kwetu, lakini vina vyake vimefungamana kwa namna ya pekee. Mshororo wa kwanza na wa tatu huwa na kina kimoja. Ule wa kati huwa na kina kigeni, kisicho na mwenzake ndani ya ubeti. Mwenzake yuko mbele: kina hicho cha kati ndicho kinachoshika mshororo wa kwanza na wa tatu wa ubeti unaofuata, ambao nao una mgeni wake katikati. Mjuzi wa bahari zetu atalikumbuka shairi la mkufu, au pindu, ambapo mwisho wa ubeti mmoja hufungua ubeti wa pili. Lakini katika mkufu ubeti hukamilika kwanza, ndipo ukashikana na mwenzake. Katika terza rima ubeti haukamiliki kamwe peke yake. Daima ipo sauti moja inayomdai mwenzake, na sikio haliwezi kutulia mpaka limpate. Likishampata, deni jipya limekwisha kufunguliwa.

Hapo ndipo upepo ulipo. Upepo uliosimama si upepo tena, ni hewa tu. Shelley alihitaji umbo lisiloweza kusimama, nalo alilipata kwenye vina vinavyomwita msomaji mbele kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Haikuwa kazi rahisi kwa Kiingereza. Maneno ya Kiitalia huishia kwa irabu, kama yetu, kwa hiyo vina ni vingi na hupatikana bila kuhangaika. Maneno mengi ya Kiingereza huishia kwa konsonanti za kila namna, na kila kina katika bahari hii kinataka maneno matatu. Sisi tuliozoea wingi wa vina tunaweza tusiuone ugumu huo. Ni vizuri tuuone, kwa maana sehemu ya nguvu ya shairi hili ni kwamba linakwenda mbio mahali ambapo lugha yenyewe ilikuwa inaliwekea vizingiti.

Hata hivyo Shelley hakuuacha upepo uvume moja kwa moja hadi mwisho. Baada ya kila beti nne za tathlitha aliweka mishororo miwili yenye kina kimoja, na kina hicho ni kile kilichokuwa kinadaiwa katika ubeti wa nne. Deni likalipwa, mlango ukafungwa. Nne mara tatu ni 12, na miwili ni 14: kila sehemu ina urefu wa soneti. Kisha sehemu nyingine inaanza, na mfululizo unaamka upya. Sehemu ziko tano. Mtu aliyewahi kusikiliza dhoruba usiku anajua kwamba haiji kwa mkondo mmoja. Huja kwa mikupuo: huvuma, hukusanya nguvu, hukatika ghafla, halafu huvuma tena kutoka mbali. Mpangilio wa shairi ni mpangilio wa mikupuo hiyo.

Sarufi nayo imepangwa hivyohivyo. Sehemu ya kwanza ni mwito mmoja mrefu. Mshairi anauita upepo, kisha anaueleza, kisha analieleza lile alilotoka kulieleza, kishazi kikizaa kishazi, na kitenzi kikuu hakionekani. Mishororo mingi ni mishata: wazo linavuka mwisho wa mstari, na mara nyingine linavuka hata mwisho wa ubeti. Anayesoma kwa sauti anajikuta anaishiwa pumzi. Mwishoni kabisa, baada ya mishororo 13 na zaidi, ndipo kitenzi kinapotokea, nacho ni ombi la neno moja: sikia. Sehemu ya pili na ya tatu nazo zinaishia kwa ombi hilohilo. Upepo ni pumzi ya majira katika shairi hili, na msomaji analipa kwa pumzi yake mwenyewe ili aufuate.

Katika sehemu hizo tatu upepo unapita katika milki tatu: nchi kavu, anga na bahari. Kwenye nchi kavu unafukuza majani makavu, na hapohapo unazibeba mbegu hadi kwenye vitanda vyao vya udongo, zilale hadi machipuko. Angani mawingu yamelegea na kuanza kudondoka kama majani yalivyodondoka. Baharini upo msitu mwingine chini ya maji, na majani yake nayo yanatetemeka. Taswira moja imepita mahali patatu, kila mara ikikua, kwa utaratibu uleule wa vina: kilichokuwa katikati ya sehemu moja kinakuwa msingi wa inayofuata. Na Shelley hakubuni ovyo. Ghuba ya Baiae anayoitaja, karibu na Naples, aliitembelea kwa mashua Desemba 1818 na kuyaona magofu ya Kirumi chini ya maji, pale ambapo ardhi ya volkano ilizama pamoja na majumba yake. Kuhusu mimea ya baharini, yeye mwenyewe aliandika maelezo mafupi chini ya shairi akisema kwamba mimea ya kilindini hufuata mabadiliko ya majira kama ile ya nchi kavu. Alitaka ijulikane kwamba mamlaka ya upepo yanafika hata pale ambapo upepo wenyewe haufiki.

Mpaka hapo mishororo 42 imepita na mshairi hajajitaja. Ni subira kubwa kwa mtu mwenye huzuni nyingi kiasi kile. Katika sehemu ya nne ndipo “mimi” inapoingia, na inaingia kwa masharti: laiti ningekuwa jani, laiti ningekuwa wingu, laiti ningekuwa wimbi. Maneno matatu yanaziokota zile milki tatu na kuziweka mkononi mwa mtu mmoja. Huzuni yake inapata uzito kwa sababu tumekwisha kuona ukubwa wa kile anachojilinganisha nacho. Angeanza na huzuni hiyo kwenye mshororo wa kwanza, tungesikia malalamiko. Ameiweka hapa, nasi tunasikia kiu.

Sehemu ya tano inageuza ombi. Haombi tena kubebwa, anaomba kupigwa kama ala. Zama zile palikuwa na kinubi cha upepo, chombo cha nyuzi kilichowekwa dirishani ili upepo ukipige wenyewe, na washairi wa kizazi hicho walikipenda. Samuel Taylor Coleridge alikuwa amekitungia shairi mwaka 1795. Shelley anauomba upepo umfanye yeye kuwa kinubi hicho, kisha uyasambaze maneno yake kama majivu na cheche kutoka kwenye jiko lisilozimika. Sasa sentensi zimekuwa fupi, amri juu ya amri, kama mtu anayejua kwamba mkupuo huu ni wa mwisho. Shairi linamalizika kwa swali juu ya majira ya baridi na ya machipuko. Angalia ufundi wa mwisho huo: vina vimefunga kila kitu, hakuna sauti inayodaiwa tena, lakini maana imeachwa wazi. Sikio limelipwa na moyo unadai. Msomaji anaondoka akiwa na swali ambalo upepo utalibeba mbele.

Sasa tuhamie Winchester, ambako hewa imetulia.

John Keats alikuwa amesomea uganga katika hospitali ya Guy's jijini London na kupata leseni mwaka 1816, kabla ya kuiacha kazi hiyo na kushika ushairi. Alimuuguza mdogo wake Tom hadi kifua kikuu kilipomwua tarehe 1 Desemba 1818. Fedha zilikuwa haba, na siku zilezile za Septemba alikuwa anauacha utenzi wake mkubwa wa “Hyperion” bila kuumaliza. Siku mbili baada ya matembezi yake alimwandikia rafiki yake John Hamilton Reynolds kwamba hewa ilikuwa nzuri ajabu, na kwamba mashamba yaliyobaki mabua matupu yalimwonekea yana joto kuliko kijani cha machipuko. Hilo ni jicho la mtu anayejua kutazama. Wengi tukipita shamba lililovunwa tunaona palipoisha kitu. Keats aliona joto lililobaki.

Nguvu anayoishughulikia Keats haisukumi, inajaza. Hakuna anayeiona ikifanya kazi. Tunda la jana na tunda la leo yanafanana, na siku moja tawi limeinama. Kuionyesha nguvu ya namna hiyo kwa maneno ni vigumu kuliko kuonyesha dhoruba, kwa sababu dhoruba ina kelele za kumsaidia mtunzi.

Njia yake ya kwanza ni hesabu ya ubeti. Odi alizotunga miezi michache kabla, ile ya ndege nightingale na ile ya chombo cha kale cha Kigiriki, zina beti za mishororo kumi. Safari hii alitunga beti tatu za mishororo 11. Mshororo uliozidi haukutupwa mahali popote. Minne ya kwanza hupokezana vina viwili kwa utaratibu unaotarajiwa. Saba inayofuata ina vina vitatu vilivyochanganywa. Ukifika mshororo wa tisa na wa kumi, vina vinagongana, kimoja baada ya kingine, na sikio linasema: hapa ndipo kituo, ubeti umejaa. Lakini unakuja mshororo wa 11, ukiwa na kina cha mshororo wa saba ambacho msomaji alikaribia kukisahau. Ubeti uliokwisha kujaa umeongezwa tena. Ghala limefurika, na bado mavuno yanaingia. Katika ubeti wa kwanza mshororo huo wa ziada unawahusu nyuki ambao vyumba vya masega yao vimejaa hadi kutiririka, wanaodhani kwamba siku za joto hazitakwisha. Habari na umbo vimekuwa kitu kimoja.

Njia ya pili ni sarufi, na hapa tunaona jambo la ajabu. Kama Shelley, Keats naye anafungua kwa mwito mrefu unaoahirisha kitenzi kikuu. Anayaita majira, anasema yamekula njama na jua, kisha anaorodhesha kazi zao: kuipakia mizabibu matunda, kuiinamisha mitufaha, kulijaza kila tunda utamu hadi kwenye kokwa, kuvimbisha maboga, kunenepesha njugu ndani ya maganda, kuchipusha maua ya mwisho kwa ajili ya nyuki. Kitendo kinarundikwa juu ya kitendo, vyote vya kusababisha, vyote vikifanywa na nguvu isiyoonekana kwa vitu vilivyotulia. Shelley hatimaye alilipa deni la sarufi kwa neno “sikia”. Keats halilipi. Mishororo 11 inakwisha na kitenzi kikuu hakijatokea. Sentensi ina uzito wote wa mavuno na haiendi popote, na ndivyo ilivyo hali ya tunda lililoiva tawini. Haliombi kitu na halielekei kokote. Limejaa tu.

Katika ubeti wa pili majira yamekuwa mtu, mfanyakazi wa shambani, na jambo la kushangaza ni kwamba hafanyi kazi. Ameketi sakafuni ghalani, upepo ukipepeta nywele zake. Amelala kwenye mtaro uliovunwa nusu, amelewa harufu ya maua, na mundu wake umeyaachia maisha mashuke yaliyo mbele yake. Anavuka kijito akiwa na mzigo kichwani, kama muokota masazo. Anakaa mbele ya kinu cha kukamulia matufaha na kutazama matone ya mwisho, saa baada ya saa. Kwenye picha ya kijito Keats anafanya jambo dogo lenye ustadi mkubwa. Sentensi inafika mwisho wa mshororo katikati ya wazo, mguu ukiwa hewani, na inabidi ivuke hadi mshororo unaofuata bila kuyumba. Kila mwanamke wetu aliyewahi kuvuka maji na ndoo kichwani anajua kipimo cha hatua hiyo: shingo imenyooka, pumzi imezuiwa, mguu unatafuta jiwe. Keats ameitia hatua hiyo kwenye mshata mmoja. Ndani ya shairi la Shelley mishata ni mbio. Hapa mshata ni utulivu wa mtu aliyebeba.

Ubeti wa tatu unafungua kwa swali juu ya nyimbo za machipuko, na linaondolewa mara moja: zisifikiriwe, majira haya yana muziki wake. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa kuonja na kugusa, wa pili ulikuwa wa kuona, na huu ni wa kusikia. Usubi unalia kando ya mto, ukipanda na kushuka kadiri upepo mwepesi unavyoamka na kufa. Wana-kondoo waliokwisha kukua wanalia vilimani, nyenje wanaimba uani, ndege mwenye kifua chekundu anapiga mbinja bustanini, na mbayuwayu wanakusanyika angani. Hapa kifo kinatajwa, lakini kinatajwa kwa siku na kwa upepo, kwa upole, kama sehemu ya muziki. Rasimu ya shairi hili imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Harvard, nasi tunaweza kumwona Keats akirekebisha. Kwa mawingu ya jioni alikuwa ameandika kitenzi cha kupaka dhahabu. Akakifuta, akaweka cha kuchanua. Kupaka kunaishia juu juu, ila kuchanua kunatoka ndani. Kwa neno moja, machweo yamekuwa ukuaji, na shairi zima limebaki aminifu kwa nguvu ile ile ya kujaza hadi mwanga wa mwisho.

Mbayuwayu wale hawakukusanyika kwa pambo. Ndio wasafiri wanaoikimbia baridi ya Ulaya na kuja kwetu, Afrika ya kusini mwa Sahara, miezi hiyohiyo. Keats anatuachia wakiwa bado wanajikusanya, kabla ya kuondoka. Hasemi wanaenda wapi, hasemi nini kitafuata, na katika mishororo yote 33 hasemi “mimi” hata mara moja. Mtu aliyemfumba macho mdogo wake miezi kumi kabla alitunga shairi juu ya mwisho wa vitu bila kujiombolezea kwa neno moja.

Tukiyaweka mashairi haya pamoja tunaona ukubwa wa kazi. Katika yote mawili upo upepo, lakini mmoja unapasua bahari na mwingine unanyanyua usubi. Katika yote mawili machipuko yanatajwa mwishoni au karibu na mwisho: Shelley anayahitaji ili aweze kuvumilia, Keats anayaacha yaende. Mmoja alichagua vina vinavyokimbiza, mwingine akachagua vina vinavyochelewesha. Lau wangebadilishana maumbo, mashairi yote mawili yangekufa. Dhoruba ya Shelley ingekwama kwenye mshororo wa 11, na matufaha ya Keats yangepeperushwa na terza rima kabla hayajaiva. Hapo ndipo inapothibitika kwamba umbo halikuwa chombo cha kubebea maana iliyokwisha kuwa tayari. Lilikuwa ndiyo njia pekee ya maana hiyo kuwepo.

Wawili hao walifahamiana tangu mwisho wa mwaka 1816. Mwaka 1820 Shelley aliposikia kwamba Keats ameugua kifua, alimwalika Italia. Keats alijibu kwa shukrani, na kwa uaminifu wa fundi kwa fundi alimshauri ajizuie zaidi na azitie kazi zake uzito zaidi. Kiangazi hichohicho mashairi yao yalitoka vitabuni, la Keats mwezi Julai na la Shelley mwezi Agosti. Keats alifariki Roma tarehe 23 Februari 1821. Shelley alizama baharini Julai 1822, na mwili wake ulipotupwa ufukoni karibu na Viareggio, mfukoni mlikuwa na kitabu hicho cha Keats, chenye shairi la mavuno ndani yake. Kwa uhai wao wote wawili, wasomaji wao walikuwa wachache. Hakuna jina kubwa lililoyabeba mashairi haya kwa miaka 200. Yamebebwa na jinsi yalivyotengenezwa.

Kwa hiyo ubishi wetu wa vina na mizani hauna budi kuulizwa swali jingine. Kuuliza kama kina kiwepo au kisiwepo hakutoshi. Swali la haki ni: kina hiki kinafanya kazi gani? Kwa Shelley kina kilisukuma, kwa Keats kilijaza, na hakuna hata kimoja kilichowekwa kwa sababu ada ilitaka. Mtunzi wetu anayetaka kuandika juu ya kusi inapougeuza mwaka, au masika yanapoifurisha mito, ana lugha yenye vina tele na mapokeo yenye bahari nyingi za kuchagua. Asiridhike kusema kwamba mvua ni kubwa. Achague bahari ambayo ndani yake ubeti wenyewe utanyesha, na aifanyie kazi mpaka msomaji alowe.